Mteja anataka wahojiwa wa akili mnemba badala ya kwenda mtaani: nimshauri nini?

nyakato_takwimu (Mwanza)

Habari za jioni wadau. Nipo Mwanza kwenye kampuni ndogo ya utafiti wa masoko. Kazi yangu ni kuandaa dodoso, kugawa maeneo kwa timu na kusafisha takwimu zikirudi. Nina jambo naomba mnisaidie kabla ya kikao cha Alhamisi.

Mteja wetu anakamua alizeti. Anataka kuingiza paketi ndogo ya mafuta ya kula huku Kanda ya Ziwa, ile ya kununua leo na kuisha leo. Anataka kujua ukubwa gani unafaa, bei gani, na nani hasa atainunua. Tulimwandikia pendekezo la kaya 600 katika Nyamagana, Ilemela, Magu na Misungwi, ana kwa ana, pamoja na vikundi vinne vya majadiliano vya akina mama. Akatujibu kwamba amepata ofa ya kampuni ya nje: wahojiwa 2,000 waliotengenezwa na akili mnemba, ripoti ndani ya siku tatu, kwa robo ya bei yetu. Anasema kama hilo hatuliwezi, basi angalau tufanye yote kwa simu.

Bosi wangu anaelekea kukubali. Anaamini taaluma inaelekea huko, na tukiendelea kuchafua viatu vijijini tutaachwa. Mimi siogopi teknolojia. Nimesoma takwimu chuoni na programu nazitumia kila siku. Ila moyo unakataa na sijapata hoja za kusimama nazo mbele ya watu waliokwishaona bei.

Hao wahojiwa wa kutengenezwa wana kazi yoyote ya maana? Simu inatosha kwa bidhaa kama hii? Na wadodosaji wetu je? Wapo wanaolipa ada za watoto kwa kazi hii.

mtafiti_kilimani (Nairobi)

Habari ndugu. Sisi huku tulianza safari ya simu mapema kiasi, kwa hiyo nianze na hiyo.

Simu ina mahali pake na hapo inafanya kazi vizuri sana. GeoPoll wamepima watazamaji wa runinga na wasikilizaji wa redio kwa ujumbe mfupi katika nchi kadhaa za Afrika. mSurvey iliyoanza hapa Nairobi, ambayo baadaye ikaitwa Ajua, ilijenga kazi yake kwa kumuuliza mteja maswali machache mara tu baada ya kuhudumiwa. Angalia zinavyofanana: swali fupi, kuhusu jambo lililotokea punde, kwa mtu ambaye tayari ana simu mkononi. Ukitoka hapo ukataka kumuuliza mama kwa dakika 30 jinsi anavyopika, atakata simu dakika ya nane na hutajua kama amechoka au chaji imeisha.

Kuhusu hao 2,000, mwambie mteja asivutwe na idadi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10 likapata majibu yapatayo milioni 2.4, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Gallup, mpima maoni, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha na hiyo, alisema Roosevelt, na Roosevelt akashinda. Jarida lilichukua majina kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Ile hesabu ya kwamba watu 2,000 wanakupa kiwango cha makosa (jibu linavyoweza kupishana na ukweli juu au chini) cha takriban asilimia 2.2 inatoka kwenye kuchagua watu kwa bahati nasibu. Pasipo watu waliochaguliwa, hesabu hiyo haina pa kushika.

Kuna jambo jingine ambalo ningelipeleka kwenye kikao chako. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 kuhusu kuchapisha kura za maoni za uchaguzi. Anayechapisha hutakiwa kutaja nani alifadhili, nani aliendesha, lini, watu wangapi waliulizwa na kiwango cha makosa. Sheria hiyo haihusu mafuta ya kupikia, lakini hayo ni maswali mazuri ya kumuuliza muuzaji yeyote wa takwimu. Waulize hao wa nje: modeli yenu imelinganishwa na watu gani wa kweli wa Mwanza, lini, na mlipishana nao kwa kiasi gani? Wakiwa na jibu lililoandikwa, liwasilishe kwa heshima. Wasipokuwa nalo, mteja mwenyewe ataona.

Na usidhani udanganyifu uko nyanjani tu. Aprili 2025 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani waliwashtaki watu wa kampuni mbili za utafiti wa mtandaoni kwa madai ya kuuza majibu bandia ya hojaji kwa miaka mingi, thamani yake dola milioni 10. Wateja walikuwa wanapokea majedwali safi kabisa.

mama_wa_fildi (Dar es Salaam)

Mdogo wangu, mimi nimo kwenye kazi hii tangu enzi za karatasi, tulipokuwa tunafunga dodoso kwenye maboksi na kuyapakia kwenye basi kutoka Tabora. Nimekuwa mdodosaji, nikawa msimamizi wa timu, sasa nasimamia ubora wa takwimu. Nitaanza na mafuta yenyewe, maana hoja unazozitafuta zimo humo.

Chukua dodoso lolote la mafuta ya kula. Swali la mwanzo huwa: unatumia chapa gani? Chini yake orodha ya chapa, na mwisho kabisa "nyingine, taja". Sasa nenda Igoma, hapo hapo Mwanza, saa kumi na moja jioni usimame karibu na duka la Mangi, yaani mwenye duka la mtaani. Mtoto anakuja na chupa ya maji iliyokwisha tumika: "Mama kasema mafuta ya mia tano." Mangi anayachota kwa pampu kutoka kwenye dumu la lita 20, nyuma ya nondo, anampa mtoto chupa kupitia kidirisha. Hayana chapa, hayana paketi, na hakuna risiti. Mshindani wa mteja wako ni lile dumu, na kwenye orodha ya chapa halimo.

Mdodosaji anayeijua kazi akiambiwa "natumia ya kupima" hatii tiki akaendelea. Anauliza kwa siku unanunua mara ngapi, nani hutumwa, ikifika tarehe mbaya Mangi anakuandika? Hapo ndipo akina mama wengi niliowahoji hufunguka kuhusu daftari la mikopo. Mafuta ya kupima yanakopesheka kwa sababu ni mali ya Mangi na bei anaipanga yeye. Paketi je, Mangi atakubali kuikopesha wakati faida yake ni ndogo? Hilo ndilo swali litakaloamua kama bidhaa itaishi, na hakuna mtu aliyeliandika kwenye pendekezo. Hata ninyi naona mmewalenga walaji peke yao. Mangi mmemwacha.

Sasa hao wahojiwa wa kutengenezwa. Modeli kubwa ya lugha huambiwa: wewe ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Mwanza, watoto watatu, kipato hiki. Kisha husomewa dodoso, nayo hujibu kwa kukadiria maneno yanayoelekea kufuata, kutokana na maandishi iliyofundishwa. Sitaki useme kwenye kikao kwamba ni upuuzi, kwa sababu si upuuzi. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba modeli ikipewa wasifu wa wapiga kura wa kwao inaweza kukaribia majibu ya makundi ya wapiga kura halisi. Wengine wakaichunguza zaidi wakakuta wastani unakaribia, ila majibu yamesongamana mno, watu wanafanana kuliko watu wa kweli wanavyofanana, na ukigusa maneno ya swali kidogo matokeo yanahama.

Na hiyo ni Marekani, ambako maoni ya watu yameulizwa na kuchapishwa tangu miaka ya 1930. Maongezi ya mama wa Igoma na Mangi yamechapishwa wapi? Ya mama wa Misungwi anayezungumza Kisukuma nyumbani kwake je? Modeli itajibu tu, tena kwa Kiswahili kizuri, kwa sababu haijui kunyamaza. Kule kusongamana kwa majibu ndiko kunakoniogopesha zaidi katika kazi yako hii. Kwenye bei, wastani haumsaidii mteja. Anataka kujua paketi ikitoka 500 ikawa 600, ni nani anarudi kwenye dumu. Hao wa pembeni ndio modeli inaowafuta.

Ina kazi, ndiyo. Mimi huitumia kulisoma dodoso kabla ya majaribio: iniambie swali gani lina maswali mawili ndani yake, wapi mruko (maelekezo ya kuruka swali lisilomhusu mhojiwa) umekosewa. Huitumia kupanga majibu ya wazi kwenye mafungu, kazi iliyokuwa ikituchukua wiki nzima, halafu binadamu anapitia sehemu ya majibu hayo kwa mkono. Kuandika sauti za vikundi pia imeendelea sana. Watu wengi wamechangia sauti za Kiswahili kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla na tunaona faida. Lakini akina mama sita wakizungumza kwa pamoja, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, kaa na kijana wako asikilize tena mwanzo hadi mwisho.

Na hapo kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, Tume ipo, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili. Sauti ya mama yule pamoja na jina la mtaa wake ni taarifa zake binafsi. Ukizipakia kwenye programu ambayo seva yake iko ng'ambo, umezisafirisha nje ya nchi. Ridhaa uliyomsomea ilisema hivyo? Kama haikusema, badilisha maelezo ya ridhaa kabla timu haijatoka. Yule mama alikufungulia mlango na kukupa kigoda. Ana haki ya kujua sauti yake inakwenda wapi.

Simu nayo. Mwishoni mwa 2023 laini za simu nchini zilikuwa zimepita milioni 70, na Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, watoto wachanga wakiwemo. Kwa hiyo mwenye laini tatu ana nafasi mara tatu ya kupigiwa, na mama anayeazima simu ya mumewe hana nafasi yoyote. Ukipiga namba za kubahatisha kuuliza habari za mafuta ya kula, utawapata wanaume wengi wasiojua hayo mafuta yanaisha lini.

Shirika la Twaweza walilitatua hili kwa njia ninayoiheshimu sana. Utafiti wao wa Sauti za Wananchi, ulioanza kutoa matokeo mwaka 2013, haikuanzia kwenye simu. Walikwenda kwanza majumbani, wakachagua kaya kama 2,000 Tanzania Bara kwa sampuli ya kweli, wakawahoji ana kwa ana, wakawapa simu na chaja za sola, kisha ndipo wakawa wanawapigia mara kwa mara. Kwa kuwa walianzia nyumbani, mtu akiacha kupokea simu wanajua ni nani amepotea, wa wapi na wa hali gani. Huo ndio ubunifu ninaoupenda.

Upande wa fildi, mambo yaliyobadilisha kazi hii hasa hayana makelele. ODK, programu ya kujaza dodoso kwenye simu au kishikwambi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na KoboToolbox iliyojengwa juu yake, zimetutoa kwenye karatasi bila kutudai fedha nyingi. Vishikwambi vile vile vya Sensa ya 2022, ambavyo baadaye walipewa walimu, vimewazoesha maelfu ya vijana kudodosa kidijitali. Kishikwambi kinaniambia dodoso limeanza saa ngapi, limeisha saa ngapi, limejazwa wapi, na kinarekodi vipande vya sauti. Dodoso la dakika 40 likiisha kwa dakika 11 naliona jioni hiyo hiyo. Kaya nane za mtaa mzima zikiwa na alama moja ya ramani, najua timu ilikaa kivulini.

Lakini ukigundua mtu anapika data, usiishie kumfukuza. Uliza unamlipaje. Akilipwa kwa kila dodoso, na kaya ya tisa iko kilomita nne huku jua linazama, umemwekea mtego. Lipa kwa siku, weka idadi inayowezekana, mpe nauli mkononi asubuhi. Kwenye timu nilizosimamia, badiliko hilo la malipo limesafisha takwimu kuliko programu yoyote tuliyonunua.

meneja_bidhaa (Dar es Salaam)

Wakuu, nizungumze kwa niaba ya wateja, maana hapa tumekaa kama washtakiwa. Nasimamia bidhaa za nyumbani, na bajeti ya utafiti ndiyo ya kwanza kukatwa kila mwaka. Siku tatu si tamaa. Mwenye kiwanda ana mashine ya kufungashia iliyokwisha agizwa, ana mkopo benki, na kila wiki anayosubiri ripoti yenu inamgharimu. Mmempa pendekezo la wiki ngapi? Nadhani sita au nane. Wa nje wamempa siku tatu. Mtu wa biashara hapo haangalii nani ana hoja nzuri zaidi.

Pia si kila swali linahitaji kaya 600. Nilishawahi kupewa ripoti nene ajabu ambayo mwisho wake ilisema "walaji wanajali bei na ubora". Nilikuwa nalijua hilo kabla sijalipa. Kwa bei mimi hupenda maswali manne ya van Westendorp, ya tangu 1976: bei gani ni ya chini hadi unatilia shaka ubora, gani ni nafuu, gani imeanza kuwa ghali, na gani hununui kabisa. Hayo hata kwa simu yanaulizika.

Kwa hiyo mdogo wetu, ukienda Alhamisi ukasema tu "akili mnemba haifai", umeshindwa kabla hujakaa. Nenda na kitu cha haraka.

nyakato_takwimu

Nawashukuru sana wote. Mama, hilo la Mangi limenikaa. Ni kweli, kwenye pendekezo letu hakuna mwenye duka hata mmoja, na orodha ya chapa ndiyo kama ulivyoielezea.

Meneja umepatia, pendekezo letu lilikuwa la wiki saba. Mama, kama ungekuwa wewe na mteja anakubana kwa muda na fedha, ungepunguza wapi? Kaya 600 zibaki? Na nawaambiaje wadodosaji wangu?

mama_wa_fildi

Meneja amesema kweli kuhusu ripoti nene, na mimi nimeziona. Mteja akiuliza bei na ukubwa, mpe bei na ukubwa. Ila maswali manne ya van Westendorp yanamtaka mtu ataje bei ya kitu anachokijua kwa kipimo. Mama anayenunua "ya mia tano" hajui ni mililita ngapi, anajua yanafika wapi kwenye chupa. Mpe paketi mkononi kwanza, aimimine kwenye sufuria yake, ndipo umuulize. Kwa simu hilo haliwezekani.

Mimi ningeanzia dukani. Mwombe mteja paketi za majaribio hata kama lebo ni ya karatasi. Chukua maduka ya mtaani kama 20, mengine Buhongwa, Nyakato na Igoma, mengine Magu mjini na Misungwi. Nusu yauze kwa bei moja, nusu kwa bei nyingine, kwa wiki mbili. Hesabu akiba ya mwanzo, ongeza alichoingiza, toa kilichobaki: hayo ndiyo mauzo. Ni hesabu ile ile Nielsen waliyoianza kwenye maduka ya Marekani miaka ya 1930, na kwa Mangi inafanya kazi hata leo. Hesabu na dumu pia, alama ya kalamu pembeni kila jioni inatosha. Paketi ikiuzika na dumu lisipungue mwendo, maana yake umepata mnunuzi mpya au umemtoa kwenye chapa nyingine. Dumu likipungua mwendo, mteja wako amepata soko alilokuwa analiota.

Kuna programu siku hizi zinazopiga picha ya rafu na kuhesabu bidhaa zenyewe. Kwenye supamaketi ni nzuri. Kwa Mangi utapiga picha ya nondo, na dumu liko chini ya meza. Vivyo hivyo malipo ya Lipa Namba, yale ya kulipa duka kwa simu: yatakuonyesha kwamba mtu amelipa 3,000 saa moja usiku, hayatakuambia kama ni sukari, unga au mafuta. Mtu akija kukuuzia takwimu hizo kwa kazi hii, mwambie asubiri kazi nyingine inayofanana nazo.

Bei mbili zichague kwa kuangalia sarafu. Ukijaribu 550 utakuwa umejaribu tabia ya kukosa chenji, kwa sababu Mangi atatoa pipi au atasema lete hamsini kesho. Tumia 500 na 600, au 500 na 700.

Sambamba na maduka, punguza kaya ziwe 300, kwa sampuli ya maeneo ya sensa kama kawaida, na ndani ya kaya ufuate jedwali la Kish, la kumchagua mtu mmoja wa kaya kwa bahati nasibu, wakati wa kumchagua mhojiwa. Sampuli ya watu 600 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hasa ina kiwango cha makosa cha asilimia 4, ya 300 karibu 6, na kwa sababu tunachagua kwa mafungu ya mitaa inapanuka kidogo zaidi. Kwa uamuzi wa aina hii inatosha, kwa kuwa maduka yatakuwa yanakupa ushahidi wa upande mwingine. Dodoso lisizidi dakika 20. Hapo mwishoni omba namba ya simu na ridhaa ya kupigiwa baada ya wiki mbili. Sasa simu yako ina maana: unampigia mtu uliyemwona, aliyepewa paketi, unamuuliza mambo matatu tu. Umenunua tena? Kama hapana, ulinunua nini badala yake? Nani alikwenda dukani? Mtumie salio la shukrani siku hiyo hiyo.

Vikundi vinne vifanye viwili vya akina mama, na cha tatu kiwe cha wenye maduka, jioni baada ya kufunga, maana mchana hawatoki. Yote haya kwa wiki nne, na wiki ya pili mteja anaanza kupokea mauzo ya kila siku ya maduka kwenye simu yake. Meneja atakubaliana nami kwamba mwenye kiwanda akiona namba za kila jioni hatakuuliza tena habari za siku tatu.

Kama bado anawataka wale wahojiwa wa akili mnemba, mwambie awanunue pia, na muwekeane kwa maandishi: majibu yao yafungwe kabla fildi haijaanza, halafu yalinganishwe na maduka na kaya. Gharama yake ni robo, anaweza kuimudu. Mimi ningependa sana kuona jedwali hilo, na ukiruhusiwa uliweke hapa. Taaluma yetu inahitaji ulinganisho wa namna hiyo uliofanywa kwetu, kwa bidhaa zetu.

Wadodosaji wako usiwaambie uongo kwamba hakuna kitakachobadilika. Kaya zitapungua kwenye kazi nyingi, hilo tumekwisha kuliona tangu simu zianze. Kitakachobaki kinataka mtu hodari zaidi: anayeweza kukaa na Mangi na kufungua daftari la mikopo, anayeweza kusikiliza saa nzima ya sauti na kurekebisha maandishi ya mashine, anayejua Kisukuma na Kikerewe kwa ufasaha wa kuhoji. Wachague wale wenye masikio, uwafundishe hesabu ya akiba ya duka na usikilizaji wa sauti, na malipo yao yapande kulingana na kazi hiyo. Watu hawa wametubeba miaka mingi kwa posho ndogo na majina yao hayakutajwa kwenye ripoti hata moja. Kwenye ripoti hii waandike, ukurasa wa pili, majina yote.

Jambo la mwisho kwa leo. Barua ya utambulisho ianze kutembea kesho, usisubiri Alhamisi: Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya zote nne, kisha watendaji wa kata, ndipo wenyeviti wa mitaa. Kwenye barua taja maduka pia, siyo kaya tu, la sivyo Mangi atadhani timu yako imetoka TRA, watu wa kodi, na dumu hutaliona.

nyakato_takwimu

Barua nimeshaianza usiku huu, na maduka nimeyataja. Mteja amekubali kuleta paketi 1,500 za majaribio. Jedwali la ulinganisho nitaliomba kwa maandishi Alhamisi.